Ukinunua hedifoni za kazi, sikiza masikio yako kwanza

Je, umewahi kuvua hedifoni jioni baada ya kazi ukahisi kana kwamba masikio yamejazwa pamba? Uko nyumbani, unaulizwa kama utakula sasa au baadaye, nawe unajibu "eeh?" mara mbili kabla hujaelewa. Wengi hudhani huo ni uchovu wa kutwa nzima. La hasha. Hayo ni masikio yanalalamika, na aghalabu wa kulaumiwa si kazi yenyewe bali ni kifaa ulichovaa na mahali ulipoketi ukakitumia.

Zamani hedifoni zilikuwa za watangazaji wa redio, marubani na makarani wa simu. Siku hizi, mjini Garissa, utazikuta kwa karani anayepokea simu za wateja, kwa kijana anayesikiliza mazungumzo yaliyorekodiwa na kuyaandika ili alipwe kupitia mtandao, na kwa mkalimani anayegeuza Kisomali kuwa Kiingereza au Kiswahili kwa njia ya simu. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Garissa anazo. Mfanyakazi wa shirika la misaada aliyeko Dadaab, ambaye wakubwa wake wako Nairobi, huzivaa mkutano baada ya mkutano. Watangazaji wa vituo kama Star FM na Wajir Community Radio hawawezi kufanya kazi bila hizo.

Kwa watu hawa, sikio ndilo jembe. Mkalimani asiyetofautisha maneno mawili yanayokaribiana atapotosha habari ya mtu mwingine, pengine habari ya ugonjwa wake. Kwa hivyo swali la hedifoni gani ununue, na kwa pesa ngapi, si swali la anasa.

JOTO NA KELELE

Ushauri mwingi kuhusu vifaa hivi huandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi, ndani ya ofisi zenye mazulia. Ukiufuata ulivyo hapa Kaskazini Mashariki utajuta. Sisi tuna mambo mawili ambayo wao hawana kwa kiasi hiki: joto na kelele za nje.

Garissa, joto la nyuzi 35 za Selsiasi mchana ni jambo la kawaida, na miezi ya Februari na Machi huzidi. Madirisha huwa wazi ili upepo upite. Kupitia dirisha hilo huingia honi za tuktuk na pikipiki, mngurumo wa malori yanayoelekea Kismayu Road, na jenereta ya jirani stima ikipotea. Wajir na Mandera, ambako umeme wa mji kwa miaka mingi umetoka kwenye mitambo ya dizeli, wakazi wanaijua vizuri sauti hiyo. Juu ya kichwa, feni inazunguka ikivuma.

Sasa tazama kinachotokea. Binadamu akivaa hedifoni mahali penye kelele, hapunguzi kelele. Huongeza sauti ya kifaa mpaka iishinde ile ya nje. Hufanya hivyo bila kujua. Asubuhi kulipokuwa kimya uliweka sauti nusu, saa sita jenereta ikawashwa ukapandisha, saa nane imezimwa lakini wewe hukushusha.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa muda wa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Ikifika desibeli 90, muda huo hupungua mpaka saa 4 tu kwa wiki nzima. Usidhani tofauti ya 80 na 90 ni ndogo kama inavyoonekana kwenye karatasi: kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huongezeka maradufu, na desibeli 10 ni mara kumi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili huwa karibu desibeli 60. Jenereta ndogo ya petroli iliyo karibu nawe inaweza kufikia 80 au zaidi. Anayetaka kuisikia simu juu ya jenereta hiyo amekwisha kuingia mahali pa hatari.

Ndani ya sikio, nyuma ya kiwambo na vile vifupa vitatu vidogo, kuna kiungo kilichojikunja kama konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio, ambazo hupokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Sauti kubwa huzilaza kama upepo unavyolaza nyasi. Zikipumzishwa, nyingine huinuka tena, na ndiyo maana asubuhi ile pamba ya jana huwa imeondoka. Zikipigwa kila siku hufa. Zikifa hazioti tena, wala hakuna dawa ya kuziotesha.

Hapo ndipo ugumu wa kununua unapoanzia. Kifaa kinachozuia kelele vizuri hufunika sikio barabara, na kwa joto letu hulipika sikio hilo. Kile kinachopitisha hewa huingiza kelele, nawe ukaongeza sauti. Hakuna hedifoni za bei nafuu zinazoshinda pande zote mbili. Lazima ujue adui wako mkubwa mahali pako pa kazi ni yupi.

UCHAGUE ZIPI?

Ukipita Soko Mugdi au kwenye vibanda vya simu mjini, utaonyeshwa kwanza iyafoni, vile vidude vidogo vya kuingiza tunduni. Zipo hata za Sh100 au Sh200. Si mbaya kama watu wanavyosema. Zikiwa na vifuniko vya mpira vinavyolingana na tundu la sikio lako, huzuia kelele vizuri na unaweza kusikia ukiwa umeweka sauti ndogo. Tatizo ni kwamba wengi huvaa vifuniko vilevile vilivyokuja nazo, ilhali matundu ya watu hayafanani, na hata sikio la kulia laweza kupita la kushoto. Nunua zile zinazouzwa na saizi tatu za vifuniko na uzijaribu zote. Hata hivyo, iyafoni si za kuvaliwa saa nane mfululizo. Husukuma nta ya sikio ndani, huzuia jasho lisikauke, na tundu huanza kuwasha.

Kisha kuna hedifoni nyepesi zenye sponji zinazokaa juu ya sikio bila kulifunika lote. Hizi hupitisha hewa na hazina uzito. Kwa mtu anayefanya kazi ndani ya chumba tulivu, mwenye kuzungumza na simu muda mwingi, mimi ningemshauri achukue aina hii yenye kijiti cha maikrofoni kinachofika karibu na mdomo. Maikrofoni ikiwa karibu hutapiga kelele, na usipopiga kelele jirani yako ofisini naye hatapandisha sauti yake. Zitafute kwenye maduka ya kompyuta kuliko ya simu, kwa kuwa ni bidhaa ya ofisi.

Zile kubwa zinazozunguka sikio zima ndizo bora dhidi ya kelele. Studio za redio huzitumia kwa sababu nyingine pia: sauti haivuji ikaingia tena kwenye maikrofoni na kuleta ule mlio mkali unaotoboa masikio. Ukiwa unafanya kazi kando ya barabara au karibu na jenereta, chukua hizi, lakini kwa sharti moja. Sponji zake ziwe zimevikwa kitambaa, si ngozi bandia. Ngozi bandia huteleza kwa jasho, na kwa joto la huku huanza kubanduka vipande vyeusi vinavyonata shingoni baada ya miezi michache. Ukikosa za kitambaa, mpelekee fundi cherehani akushonee vifuniko vya pamba laini vyenye mpira pembeni, jozi mbili, moja ivaliwe na nyingine ifuliwe. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa.

Za sikio moja hupendwa na wanaopokea simu, kwa kuwa sikio la pili hubaki huru kumsikia mwenzako. Ni nzuri mahali patulivu tu. Kwenye kelele, sikio lililo wazi huleta vurugu na lile lililozibwa ndilo huongezewa sauti ili lifidie. Ukizitumia, badilisha upande kila baada ya saa moja.

Je, na hizi zisizo na waya? Zinapendeza na hazinasi kwenye kiti. Lakini betri huchukia joto. Ukiziacha ndani ya gari lililoegeshwa juani, maisha yake hupungua haraka. Isitoshe, moto wake huisha katikati ya mkutano. Za waya ni rahisi zaidi, na waya ukikatika karibu na kichomeo, kama kawaida yake, fundi wa simu atauchoma kwa lehemu siku hiyo hiyo. Angalia tu kichomeo kinaingia kwenye simu yako, maana simu nyingi mpya hazina tena lile tundu la duara.

MANENO YA KWENYE BOKSI

Kuna herufi mbili ambazo wauzaji huzichanganya, pengine bila kukusudia. ANC ni mtambo unaopunguza kelele unazosikia wewe. ENC hupunguza kelele anazosikia mtu unayezungumza naye; inahusu maikrofoni, wala haikusaidii kitu masikioni mwako. Mteja huambiwa "hizi zinakata kelele," akalipa, akafika ofisini na kukuta jenereta iko palepale. Uliza ni ipi. Hata hiyo ANC hufanya kazi vizuri kwa sauti nzito ya kuendelea, kama ya feni au injini. Mazungumzo ya watu wa meza ya pili bado utayasikia.

Taa za rangi hazina faida kwa sikio. Hedifoni za michezo ya kompyuta zenye taa hizo huwa nzito, na uzito huo shingo yako itaulipia ifikapo saa tisa. Maneno ya kusifu ngurumo ya muziki pia yapuuze. Wewe unataka kusikia matamshi ya mtu, na ngurumo hufunika matamshi. Kuhusu majina makubwa, jina maarufu lililochapwa kwenye boksi la Sh300 ni wino tu. Pesa yako iende kwenye sponji nzuri, utepe wa kichwani unaorefuka na kufupika, na mahali waya unapoingilia pawe pamekazwa.

HIJABU, KOFIA NA MIWANI

Jambo hili halizungumziwi vya kutosha, ilhali linawahusu wafanyakazi wengi wa maofisi ya huku. Mwanamke aliyevaa hijabu akiweka hedifoni juu ya kitambaa, kitambaa hukunjika kati ya sponji na sikio. Sauti nyembamba, zile zinazotofautisha "s" na "f", hufifia. Anafanyaje? Anaongeza sauti. Akizivaa ndani ya hijabu, hasa jilbabu inayobana kidevuni, kitambaa huzisukuma zikakandamiza sikio, joto huongezeka, na akivaa vipuli basi vinamchoma kila akigeuka.

Zipo njia. Hedifoni ambazo utepe wake hupita nyuma ya shingo badala ya utosini hukaa vizuri ndani ya hijabu bila kubana. Wanaozivaa kwa nje nao wachague kitambaa chepesi cha pamba siku za kazi, wakinyooshe kiwe safu moja tu juu ya sikio, na pini wazifunge mbali na mahali sponji inapokaa. Kitambaa cha kuteleza hufanya kifaa kishuke kila ukiinama. Vipuli na viwekwe kando mpaka jioni. Na wewe bosi unayenunua hedifoni za ofisi nzima kwa pamoja, waulize akina dada kabla hujaagiza kumi za aina moja.

Mwenye kofia nene atapata shida ndogo, kwa kuwa kofia hukaa juu ya masikio. Mwenye miwani ndiye anayeumwa kichwa. Mikono ya miwani hubanwa na sponji ngumu dhidi ya fuvu, na baada ya saa mbili maumivu huanza nyuma ya sikio. Akitafuta sponji nene na laini atapona. Hedifoni mpya zinazobana zinaweza kulegezwa: zivike kwenye rundo la vitabu lililo pana kidogo kuliko kichwa chako, uziache usiku kucha. Usizitanue kwa mikono, zitavunjika.

UZIJARIBU VIPI

Nenda na simu yako mwenyewe, yenye mazungumzo uliyorekodi au taarifa ya habari. Muziki utakudanganya, kwa kuwa hata kifaa kibaya huutoa muziki ukasikika vizuri. Vaa kwa dakika kumi ukiwa unapatana bei. Dukani kwetu dakika kumi za kupatana si nyingi. Zikianza kuuma pale, zitauma zaidi mezani. Inama kama unayefunga viatu uone kama zitadondoka. Tafuna kitu, kwa maana taya likienda tundu la sikio nalo hubadilika umbo, na iyafoni nyingi hutoka hapo.

Kisha weka sauti asilimia 60 ya mwisho wa simu. Shirika la Afya Duniani linashauri usipite hapo. Ukiweza kuelewa kila neno huku soko likiendelea na kelele zake, umepata kifaa. Usipoelewa, kirudishe mezani hata kama ni kizuri. Mwombe mwenzako asimame umbali wa mkono mmoja: akisikia kinachosemwa ndani ya hedifoni zako, basi ama zinavuja ama umepandisha mno.

UDHU, JASHO NA VUMBI

Sikio lenye majimaji lililozibwa kwenye joto ni shamba zuri la ukungu na bakteria. Ugonjwa huo huanza kwa kuwasha, kisha maumivu ukigusa sikio, kisha majimaji au usaha. Sisi tuna sababu moja zaidi ya kuwa waangalifu. Muislamu anayetawadha kwa swala ya adhuhuri na alasiri hupangusa masikio kwa maji, halafu hurudi ofisini na kuchomeka iyafoni papo hapo. Kausha sikio la nje kwa kitambaa safi, ukae dakika kadhaa kabla ya kuvaa. Safari hiyo ya msikitini, kwa upande mwingine, ni mapumziko ambayo masikio yanahitaji. Asiyeswali naye ajitafutie dakika kama hizo, bila hedifoni, kila baada ya saa moja hivi.

Usichokonoe sikio kwa kijiti cha pamba, njiti ya kiberiti wala kifuniko cha kalamu. Nta hujitoa yenyewe, na kuchokonoa huisukuma ndani au kukwaruza ngozi ambayo ukungu hupenyea. Usimimine mafuta ya moto wala maji ya kitunguu saumu. Vifuniko vya mpira vioshwe kwa sabuni na vikauke kabisa. Vumbi la Garissa huziba wavu mdogo wa iyafoni, na wengi hudhani kifaa kimekufa wakaongeza sauti. Brashi kavu ya meno, laini, huuzibua.

Ofisi zinazofanya kazi kwa zamu, studio za redio zikiwemo, hupokezana hedifoni moja watu wanne kwa siku. Bei ya hedifoni nne huenda ikashinda ofisi ndogo, lakini kila mfanyakazi awe na vifuniko vyake vya sponji vyenye jina. Mwenye usaha sikioni asivae kabisa mpaka apone.

SI KINGA YA MASHINE

Kuna kosa moja la hatari. Mchomeleaji wa vyuma, mwendesha kinu cha posho na mtunza jenereta ya kisima huvaa iyafoni na kucheza nyimbo, wakiamini wanajikinga na kelele ya mashine. Wanajiongezea kelele ya pili juu ya ya kwanza. Wanachohitaji ni vikinga masikio, vya sponji au vile vya kofia mbili ngumu, visivyo na sauti yoyote ndani. Kanuni za kuzuia kelele mahali pa kazi nchini Kenya, za mwaka wa 2005, haziruhusu mfanyakazi akae kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja, na kelele ikizidi 85 mwajiri anapaswa kuwa na mpango wa kulinda masikio ya watu wake. Vikinga hivyo ni juu ya mwajiri.

Dereva wa lori, wa basi au wa bodaboda asivae kitu chochote masikioni akiwa barabarani. Ngamia hapigi honi.

Ukianza kusikia mlio kama wa nyenje ndani ya sikio ambao hauishi usiku, au ukawa unawaomba watu warudie maneno, nenda ukapimwe masikio. Garissa mjini anzia hospitali ya rufaa ya kaunti. Mwambie daktari kama umetumia dawa za sindano kama gentamaisini, au kwinini, kwani baadhi ya dawa hizo huweza kudhuru masikio, na kelele huzidisha. Sikio moja likizima ghafla, kwa saa chache au usiku mmoja, usingoje wiki uone kama litazibuka. Nenda siku hiyo hiyo, maana matibabu yake husaidia zaidi yakianza mapema.